Mwalimu wa Dansi Aliyefungwa Miguu

Watu wa Mbololo walikuwa wakisema kwamba Thadeus Mwandawiro alizaliwa akitanguliza miguu, ndiyo sababu kila aendako kichwa chake hufika baadaye. Alikuwa kijana wa genge la reli. Kila siku alitembea na wenzake juu ya reli ya Taveta, kutoka Voi kuelekea Mwatate, wakikaza skrubu na kukagua mataruma, yale mapande ya chuma yanayolazwa chini ya reli. Na mtu anayetembea juu ya mataruma hatembei apendavyo. Chuma ndicho kinachompimia hatua: si ndefu, si fupi, na akijitia kiburi anajikwaa. Wenzake walirudi jioni wakisugua magoti. Mwandawiro alirudi akipiga mluzi.

Hatua ile ilikuwa imemwingia mwilini. Jumamosi gramafoni ilipolia katika ukumbi wa wafanyakazi wa reli pale Voi, ilitoka yenyewe. Moja, mbili, tatu, halafu kile kilio cha genge linapoinua reli, "Harambee!", halafu nusu mzunguko. Dansi ile nusu aliitoa kwenye sahani za santuri, nusu kwa wazee wa genge waliomwonyesha jinsi watu wengi wanavyobeba reli moja bila kupondana vidole. Ukiichanganya hiyo na jasho na ua la manjano nyuma ya sikio, basi, ukumbi mzima ulisimama kumtazama.

Na dirishani alisimama Wakesho. Alishuka Voi siku za soko na kapu la nyanya, na nyanya zikiisha, miguu yake ilijua njia ya ukumbini. Hakuingia ndani hata mara moja, maana alikuwa binti wa Mzee Elijah, mzee wa kanisa kule Mbololo. Lakini kusimama dirishani hakujaandikwa popote kuwa dhambi.

Mzee Elijah sasa, huyo ni mtu wa kusimuliwa peke yake. Kesi zote ndogo za kijiji zilimfikia yeye, na alikuwa na sheria moja tu: hahukumu asichokiona kwa macho yake. Siku mbuzi wa jirani alipokula maharagwe ya Mama Gertrude, Mzee aliagiza mbuzi aletwe, akaagiza na maharagwe mengine yaletwe, yakawekwa mbele ya mbuzi ili baraza lione anavyokula. Mbuzi akala ushahidi wote, akaramba na sinia. "Ndiye," akasema Mzee Elijah, na kesi ikaisha. Jambo lake la pili lilikuwa viatu. Vilikuwa vyeusi, vya kufunga kwa kamba, na hakuna aliyewahi kumwona bila hivyo. Hata akivuka kijito hakuvivua. Aliruka jiwe kwa jiwe kama kuku.

Ikatokea kwamba Jumatatu ya Pasaka, mwaka wa elfu moja mia tisa hamsini na sita, Mzee Elijah alishuka stesheni ya Voi kuchukua mabati ya kanisa. Akasikia kelele. Akachungulia. Akamwona Mwandawiro.

Wiki mbili baadaye wajomba wa Mwandawiro walipanda Mbololo kupeleka posa, kijana mwenyewe akifuata nyuma na shati lililopigwa pasi mpaka likang'aa. Mzee aliwasikiliza wajomba mpaka wakamaliza, kisha akamgeukia yeye.

"Wewe ndiye uliyekuwa ukirukaruka kule Voi?"

"Ndimi, Baba."

"Na ua sikioni."

"Na ua sikioni, Baba."

"Ulikuwa mgonjwa?"

Jikoni Mama Tryphena, mamake Wakesho, alikohoa kwa nguvu, kikohozi cha mtu anayeficha kicheko.

"Sikuwa mgonjwa, Baba. Nilikuwa nafurahi."

"Basi sikia," akasema Mzee. "Mtu asiyetawala miguu yake hatatawala nyumba. Nipe mwaka mmoja. Miguu hiyo isicheze dansi mpaka Pasaka ijayo. Ukiweza, panda hapa uchukue jibu lako. Ukishindwa, usijisumbue na mlima. Watu wa Donald nao wanangoja."

Donald alikuwa mwalimu wa shule, mwenye baiskeli mpya na soksi nyeupe za kufika magotini. Mwandawiro aliziona soksi zile moyoni.

"Miguu yangu haitacheza dansi, Baba, mpaka nisimame hapa tena."

Ni rahisi kusema. Jumamosi ya kwanza gramafoni ilipolia, Mwandawiro alijifungia chumbani. Jumamosi ya pili alijifunika blanketi. Jumamosi ya tatu alijikuta njiani kuelekea ukumbini huku blanketi bado liko mabegani, akakimbilia kwa rafiki yake Mbuvi, Mkamba aliyekuwa likizoni Voi. Kazi ya Mbuvi ilikuwa kuosha sufuria katika meli za mizigo zilizotoka Mombasa.

"Ndugu yangu, nitoe hapa. Nipeleke mahali hakuna dansi."

"Njoo baharini," akasema Mbuvi. "Kule hakuna dansi. Kule kuna sufuria."

Hivyo ndivyo kijana wa Mbololo, ambaye maji mengi kuliko yote aliyowahi kuyaona yalikuwa ya tangi la stesheni, alivyoandikwa jikoni katika meli iliyoitwa Hartwell. Na ilipakia nini meli ile? Katani! Marobota kwa marobota ya katani, na mengine yamepigwa muhuri mweusi wa V-O-I. Mwandawiro alipoyaona alifurahi kama aliyekutana na ndugu safarini.

Walikwenda, wakaenda, wakaenda. Alitapika mpaka Bombay. Kutoka Bombay hadi Singapuri alikula kulipiza. Na baada ya wiki nyingi wakaingia bandari ya Kobe, nchi ya Japani, ambako fundi wa meli alishuka chini kutazama mtambo, akapanda juu akitikisa kichwa. Chuma kinachozungusha pangaboi linalosukuma meli kilikuwa kimepasuka. Wangekaa pale wiki sita.

"Wiki sita!" Mwandawiro akasema. "Tutafanya nini wiki sita?"

"Tutaosha sufuria asubuhi," akajibu Mbuvi. "Mchana tutashangaa."

Na wakashangaa kweli. Kobe ni mji uliobanwa kati ya milima na bahari, na milima ile ilimfanya Mwandawiro ageuke mara mbili mbili, maana ilikaa vilevile kama Mbololo ikitazamwa kutoka Voi, kijani juu na mawingu kichwani. Lakini chini yake! Magari ya umeme yalipita katikati ya barabara, kengele zikilia ting-ting. Watoto walimfuata kumi kumi, akainama wakamgusa nywele, wakapiga kelele za furaha, naye akawagusa zao, wakapiga kelele zaidi. Kwenye kona moja watu kama mia tatu walisimama mbele ya sanduku lililowekwa juu ya nguzo, na ndani ya sanduku wanaume wawili wadogo wanene walikuwa wakipigana mieleka. Mwandawiro alizunguka nyuma ya sanduku kutazama walikoingilia. Hakuona mlango.

Halafu kuna duka la ghorofa saba lenye ngazi inayopanda yenyewe. Unasimama, inakupeleka. Chini yake alisimama msichana aliyevaa glavu nyeupe ambaye kazi yake ilikuwa kuinamia kila mteja kwa heshima. Mwandawiro alilelewa vizuri. Huwezi kusalimiwa na mtu ukampita kama nguzo. Akainama. Msichana akainama tena. Naye akainama tena. Ngazi ikamchukua akiwa bado ameinama, akafika juu kwa kichwa. Ikabidi ashuke kwa ngazi ya kawaida akaombe radhi, na msichana akainama, na mambo yakaanza upya. Mara saba! Mbuvi ndiye aliyemvuta shati.

Siku nyingine waliingia bafu la mtaa, ambapo wanaume wote hukaa pamoja ndani ya maji kama viboko. Mwandawiro aliingiza mguu mmoja. Maji yale yangepika ugali. Akatoka akirukaruka kwa mguu wa kushoto, kisha wa kulia, kisha yote miwili, wazee wa Kijapani wakimpigia makofi.

"Dansi hiyo!" Mbuvi akapiga kelele. "Namwandikia mkwe wako leo leo!"

"Hii si dansi! Nimeungua!"

"Mwambie yeye. Mimi nimeona miguu."

Kilikuwa kichekesho, lakini Mwandawiro alianza kuhesabu miezi kwa vidole. Ilikuwa imebaki zaidi ya nusu ya mwaka.

Sasa, wiki ya pili, wakiwa wanatembea karibu na bandari, mkokoteni uliopakia marobota ukawapita. Mwandawiro akasimama ghafla. V-O-I. Robota la kwao! Bila kuaga wala kuuliza, akalifuata, kama mtoto aliyemwona shangazi yake sokoni. Kulia, kushoto, daraja, kichochoro, Mbuvi akihema nyuma, mpaka mkokoteni ukaingia lango la kiwanda cha kamba. Mlinzi akanyoosha mkono kuwazuia.

"Hilo letu," Mwandawiro akaeleza kwa vidole. "Kwetu. Nyumbani. Mimi. Katani."

Mlinzi akamwita karani mmoja, mama wa makamo mwenye miwani aitwaye Fumie, aliyejua Kiingereza kwa sababu aliwahi kufanya kazi ofisi ya askari wa Kimarekani. Kiingereza cha Mwandawiro kilikuwa cha darasa la sita la misheni. Vilikutana viwili hivyo, kimoja kinachechemea na kingine kinakishika mkono, lakini walielewana. Mama Fumie alipotambua kwamba huyu kijana ametoka mahali ilipoota katani wanayoisokota kila siku, alishika mashavu yake kwa mikono miwili. Akawaingiza ndani.

Kiwanda kilikuwa kirefu kama jukwaa la stesheni. Wasichana thelathini walikuwa wakisokota kamba: kila mmoja ameshika nyuzi, anatembea kinyumenyume, polepole, hatua sawa, kamba ikizaliwa mbele yake. Wanarudi nyuma mpaka mwisho wa jengo, halafu wanaanza tena. Mwandawiro alitazama miguu ile. Moja, mbili, tatu. Moja, mbili, tatu. Ngozi ya mgongo ikamsisimka.

"Baada ya wiki nne ni sikukuu ya kiwanda," akasema Mama Fumie. "Wasichana wanataka kucheza dansi. Gramafoni tunayo. Mwalimu wetu amehamia Osaka. Wewe unajua dansi?"

"Naijua sana!" akajibu Mwandawiro.

Unaona? Kichwa kilifika baadaye. Mama Fumie alikuwa tayari ameinama kushukuru, na wasichana thelathini wameinama pamoja naye, ndipo alipowaona mbele ya macho yake Mzee Elijah, viatu vyeusi, na soksi za Donald.

Njia nzima ya kurudi melini alijipiga kichwa. "Nitafanyaje, Mbuvi? Nimeshakubali mbele ya watu."

"Uliahidi nini hasa kwa mzee?"

"Kwamba miguu yangu haitacheza dansi."

"Basi fundisha kwa mdomo."

"Gramafoni ikilia hii miguu haitanisikia! Unaijua!"

Mbuvi akafikiri. Kisha akatoa mfukoni kipande cha kamba ya katani.

Kesho yake jioni wasichana waliingia katika chumba cha burudani, wakavua viatu mlangoni kama desturi yao, wakamkuta mwalimu wao ameketi kitini katikati ya chumba, soksi yake ya kulia imetoboka kidole kinachungulia, na miguu yake yote miwili imefungwa kwenye miguu ya kiti. Kando yake Mbuvi alikuwa akichora chaki sakafuni: unyayo, unyayo, unyayo, kila mmoja umbali wa kutoka taruma hadi taruma katika reli ya Taveta, kama Mwandawiro alivyoupima kwa kumbukumbu ya magoti yake.

"Kwawuka!" Mwandawiro akasema, kwani ndivyo tunavyoamkiana asubuhi kwa Kidawida, lugha yetu sisi wa Mbololo, na kwa woga hakukumbuka kwamba ni jioni.

"Kwawuka!" wakajibu thelathini.

Gramafoni ikalia. Mwandawiro alifundisha kwa mikono, kwa mabega, kwa shingo, kwa kupiga paja. "Moja! Mbili! Tatu! Harambee! Geuka! Hapana, mama, wewe unageukia Mombasa, wenzako wanageukia Taveta!" Kiti kikalia kwi, kwi, kwi, lakini kamba ya Voi ni kamba. Haikuachia.

Kinyumenyume walikuwa hodari kuliko mtu yeyote aliyewahi kumwona. Kwenda mbele ndiko kulikowatia taabu, maana kazini hawakwenda mbele ila wakati wa kwenda nyumbani.

Jioni ya pili Mwandawiro akainua macho. Wasichana wote thelathini walikuwa wameketi sakafuni kwa mistari, na kila mmoja amejifunga vifundo vya miguu kwa uzi wa katani, kwa fundo safi la kazini. Mama Fumie naye amejifunga.

"Tumeelewa njia yenu," akasema kwa heshima kubwa. "Kwanza mnafunga miguu. Hamu inajaa mpaka juu. Ndipo mnafungua."

Mbuvi akatoka nje mbio. Kicheko chake kilisikika mpaka barabarani.

"Hapana, mama," Mwandawiro akaanza, "hii si njia yetu. Hii ni kwa sababu ya baba wa mchumba wangu..." Lakini utaelezaje baraza la Mbololo kwa Kiingereza cha darasa la sita? Kabla hajamaliza, gramafoni imelia, nao wameketi, mabega yanatikisika, vidole vinagonga sakafu, macho yanang'aa, wanangoja. Na Mama Fumie aliposema neno la kufungua, waliruka kama mbuzi waliofunguliwa zizi asubuhi! Hata kwenda mbele wakaenda. Mwandawiro akafunga mdomo wake. Kuanzia siku hiyo dansi ya kiwanda ilianza kwa kufungwa, na mpaka leo huenda wanaamini ndivyo Wadawida wote wanavyofanya.

Barua ya Wakesho ilimfikia wiki ya nne, imepitia Mombasa na kwa wakala wa meli, imekunjikakunjika. Aliisoma ameketi juu ya gunia la viazi. "Baba anaweka kokoto moja dirishani kila mwezi ukiisha," Wakesho aliandika. "Donald amenunua kengele mpya ya baiskeli, anailiza kila Jumapili mbele ya nyumba kana kwamba njia yetu ina magari. Mama anasema ana maneno matamu. Mimi nasema ana kengele. Wewe shikilia miguu yako, nami nitashikilia masikio yangu." Aliisoma mpaka viazi vikachelewa na mpishi akamtupia mwiko.

Siku ya sikukuu, wakubwa wa kiwanda walikuja na suti nyeusi, wakaketi mstari wa mbele. Wasichana walifungwa, wakafunguliwa, wakacheza. "Harambee!" wakalia kwa sauti moja, vioo vya madirisha vikatetemeka. Mkubwa mwenyewe, mzee wa mvi tupu, alisimama, akakiinamia kiti alichofungiwa Mwandawiro, akasema maneno.

"Anaomba," akatafsiri Mama Fumie, "mwalimu acheze mara moja."

Ukumbi mzima ukapiga makofi. Gramafoni ikarudishwa mwanzo. Mwandawiro alishika kiti kwa mikono yote miwili. Moja. Mbili. Jasho likamtoka. Tatu. Na kiti kikaruka, nasema kiti chenyewe, hatua mbili mbele na nusu mzunguko, kikatua kikimtazama Mbuvi.

"Nimecheza?" Mwandawiro akanong'ona, macho yamemtoka.

"Kiti ndicho kilichocheza," akasema Mbuvi. "Wewe ulikuwa abiria."

Meli ikapona. Siku ya kung'oa nanga Mwandawiro alikuwa kwenye ukingo wa meli akitafuta sura zao, nazo zikaja, zote thelathini, zikikimbia gatini na nguo za kazi. Kule wana desturi yao ya kuaga: anayebaki anamrushia anayekwenda tepe ndefu ya karatasi ya rangi, kila mmoja anashika ncha yake, na meli inapoondoka tepe zinajikunjua taratibu mpaka zikatike. Mwandawiro alidaka tepe za manjano, nyekundu, za buluu, vidole vyote vikajaa.

Kamba nene za meli zikafunguliwa. Gatini wasichana wakaketi chini, pale pale kwenye saruji. Wakafunga miguu. Honi ya meli ikalia. Wakafungua, wakasimama, wakaanza: moja, mbili, tatu, bila gramafoni, kwa sauti zao tu, kinyumenyume na mbele, na Mama Fumie katikati ameshika miwani yake isianguke.

"Mbuvi," Mwandawiro akasema. "Kamba. Upesi."

"Iko jikoni."

"Mbuvi!"

Lakini kwetu mtu akikuimbia kwaheri, utamjibu kwa kusimama kama mlingoti? Mikono yake ilikuwa imejaa tepe, haikuweza hata kupunga. Kilichobaki huru ni miguu. Nayo ikajibu. Moja, mbili, tatu, harambee! Mabati ya sakafu ya meli yakavuma kama ngoma. Alicheza mwezi wote aliokaa kitini. Alicheza Jumamosi zote za chini ya blanketi. Alicheza mpaka tepe ya mwisho, ile ya manjano, ikakatika mkononi, na gati likawa mstari, na mstari ukawa moshi.

Kisha akasimama, na furaha ikamtoka kama maji kwenye ndoo iliyotoboka.

"Mimi sikuona kitu," akasema Mbuvi upesi. "Nilikuwa nikitazama upande wa pili. Kulikuwa na ndege mzuri sana."

"Mbuvi..."

"Nani atakayekwenda Mbololo kusema? Mimi? Ndege?"

Safari nzima ya kurudi Mwandawiro alilipima jambo hilo juu ya sufuria. Angenyamaza, angempata Wakesho. Angesema, Donald angeliza kengele. Lilikuwa jambo rahisi hata mtoto angelijua. Lakini kila alipojaribu kulisema lile neno kwa sauti ya chini, "Sikucheza, Baba," liligoma kutoka, naye akaishia kusugua sufuria iliyokwisha kung'aa.

Jumatatu ya Pasaka alipanda Mbololo na mguu wake mzito. Uani maharagwe yalikuwa yamekwisha kuanuliwa na kumefagiliwa. Mzee Elijah ameketi kwenye kiti chake, viatu vyeusi vimeng'arishwa, kokoto kumi na mbili zimepangwa dirishani. Wakesho alisimama mlangoni mwa jikoni, nyuma ya mamake, na alipomwona Mwandawiro akacheka kwa macho, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

"Karibu, kijana. Umekonda. Nikuulize nini, unajua."

"Najua, Baba."

"Ulicheza?"

Mwandawiro alitazama kokoto. "Nilicheza, Baba."

Wakesho aliacha kucheka. Mama Tryphena akasema, "Yesu wangu."

"Miezi mingi sikucheza. Hata nilipowafundisha wengine, nilifungwa kwenye kiti kwa kamba ya katani. Lakini siku tunaondoka Kobe walikuja kuniaga, nami nikacheza. Tangu kamba za meli zifunguliwe mpaka nisiwaone tena."

"Nani alikuona?"

"Mbuvi peke yake. Naye anasema alikuwa akitazama ndege."

Mzee Elijah alizigeukia kokoto zake dirishani. Mbali kidogo, njiani, kengele ya baiskeli ikalia.

"Simama katikati," akasema. "Nionyeshe."

"Nikuonyeshe, Baba?"

"Sihukumu nisichokiona. Nataka kujua ukubwa wa kosa."

Basi Mwandawiro akasimama katikati ya ua, mbele ya mchumba na mkwe, akacheza dansi ya huzuni kuliko zote alizowahi kucheza. Moja. Mbili. Tatu. "Harambee," akasema kwa sauti ndogo. Nusu mzunguko.

"Rudia," akasema Mzee.

Akarudia. Na miguu ni miguu. Mara ya tatu ilikuwa imesahau kwamba iko kesini. Vumbi likapanda. Wakesho akaanza kupiga makofi bila kujua, mamake akamshika mikono.

"Acha! Hatua hiyo uliitoa wapi?"

"Kwa wazee wa genge, Baba, pale Mwatate. Nikaongeza yangu kidogo."

Mzee Elijah akainama. Taratibu, mbele ya watu, akafungua kamba za kiatu cha kulia, akakivua, akavua na soksi. Kidole gumba hakikuwa na kucha, na cha pili hakikuwepo.

"Wakati wa vita vya Mjerumani," akasema, "mimi nilikuwa kama wewe. Tulilaza reli hiyo kutoka Voi. Reli moja, watu ishirini na wanne mabegani. Moja, mbili, tatu, harambee. Aliyekosa hatua alilipa. Mimi nilikosa siku moja pale Mwatate, kwa sababu nilikuwa," akasita, "nilikuwa nafurahi."

Akaikunja soksi, akaitia mfukoni.

"Hukumu yangu ni hii. Neno ulilolitoa umelivunja. Utaleta mbuzi wa faini, na asiwe mkondefu. Lakini kweli ambayo ungeweza kuificha umeibeba kutoka Japani mpaka hapa bila kuiangusha. Mbuzi huyo tutamla siku ya harusi. Haya." Akasimama, mguu mmoja na kiatu, mmoja bila. "Sasa, huo mzunguko wako. Huo si sawa kabisa. Ungegeuka hivyo na reli begani ungemvunja shingo mtu wa nyuma. Unaanza na bega. Tazama. Moja... mbili..."

"Baba Wakesho!" Mama Tryphena akapiga yowe. "Unacheza dansi!"

"Sichezi," akasema Mzee Elijah, na kile kidole kisicho na kucha kilikuwa tayari kimeinuka. "Nafundisha."

Wakesho aliingia jikoni mbio, akatoka amebeba kiti na kipande cha kamba ya katani, akaviweka mbele ya babake.